Kozi Mwana Mandanda: Waliomuumba Ndege wa Malta

Wahenga walilonga kwamba kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsema mwenye kiburi anayeikataa riziki iliyo mbele yake. Hata hivyo, yaweza pia kusomwa kama sifa ya yule anayechagua njaa kwa hiari yake kuliko kula kisicho halali. Katika historia ya filamu za upelelezi yupo kozi mmoja ambaye maisha ya waliomuumba yanaipa methali hii uzito mpya. Huyu ni kozi wa filamu iitwayo The Maltese Falcon, yaani Kozi wa Malta, iliyotolewa na kampuni ya Warner Bros. nchini Marekani mwaka 1941.

Ni desturi ya wanafunzi wa fasihi kuuliza mtunzi wa kazi ni nani, na kutosheka wanapotajiwa jina moja. Filamu hii hailitoi jibu hilo kwa wepesi. Chimbuko lake ni riwaya ya Dashiell Hammett iliyochapishwa mwaka 1930. Kabla ya kuwa mwandishi, Hammett alikuwa kachero wa shirika la Pinkerton, kwa hivyo aliyoyaandika kuhusu upelelezi hakuyaokota vitabuni. Kampuni ya Warner ilikuwa imekwisha kuigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mara mbili, mwaka 1931 na mwaka 1936, na mara ya pili ilibadilishwa mno hata jina lake likawa Satan Met a Lady. Mara ya tatu kazi ilikabidhiwa John Huston, mwandishi wa miswada ya filamu ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu hata moja.

Siri ya Huston ilikuwa kuiamini riwaya. Msimulizi wa Hammett yuko nje kabisa ya wahusika: huona wanachokifanya na kusikia wanachokisema, lakini kamwe haingii mioyoni mwao. Msomaji hajui Sam Spade anawaza nini. Anajua tu jinsi anavyosokota sigara. Usimulizi wa namna hii ulikuwa tayari ukitenda kazi ya kamera, na Huston alilitambua hilo. Aliyahifadhi mengi ya majibizano ya riwaya na, kwa kuwa alikuwa amejifunza uchoraji, akachora mapema picha za matukio ili kila mmoja ajue kamera itasimama wapi. Mpigapicha wake, Arthur Edeson, ambaye miaka 10 awali alikuwa amepiga picha za Frankenstein, aliishusha kamera chini na kuwatazama wahusika kwa juu, hata dari za vyumba zikaonekana kuwaelemea. Muziki ulitungwa na Adolph Deutsch, uhariri ukafanywa na Thomas Richards, nao usimamizi wa utayarishaji ukawa mikononi mwa Hal B. Wallis. Majina haya hupita kwenye pazia haraka sana, ilhali bila wenye majina hayo pasingekuwa na filamu.

Waigizaji nao hawakuwa chaguo la kwanza wote. Nafasi ya Spade ilitolewa kwa George Raft, nyota aliyevuma wakati huo, naye akaikataa kwa kuona kwamba filamu yenyewe haikuwa na uzito. Kilichokataliwa na Raft kikamwangukia Humphrey Bogart, aliyekuwa amezoea kuigiza majambazi wanaouawa kabla ya hadithi kwisha. Mary Astor alimwigiza Brigid O'Shaughnessy, mwanamke ambaye kila uongo wake ukifichuliwa huzaa uongo mwingine. Peter Lorre, aliyeigiza Joel Cairo, alikuwa ameikimbia Ujerumani mwaka 1933 baada ya Wanazi kutwaa mamlaka. Sydney Greenstreet, aliyekuwa na umri wa miaka 61 na ambaye maisha yake yote ya sanaa yalikuwa jukwaani, aliingia kwenye filamu kwa mara ya kwanza kama Kasper Gutman, yule mnene mwenye kicheko kisicho na huruma. Elisha Cook Jr. akawa Wilmer, kijana mwenye bastola na macho ya mtoto. Hata babaye Huston, mwigizaji mashuhuri Walter Huston, aliingia kwa dakika chache bila jina lake kutajwa: ndiye nahodha anayepepesuka mlangoni akiwa amekumbatia kifurushi cha kozi, kisha anaanguka na kufa.

Kwa ufupi, hadithi yenyewe ni ya watu wanaokisaka kinyago cha ndege kinachodaiwa kutengenezwa kwa dhahabu na vito ili kiwe zawadi kwa mfalme. Katika msako huo mshirika wa Spade anauawa. Fauka ya hayo, pana tukio moja ambalo msomaji makini hawezi kulipuuza. Gutman na wenzake wanahitaji mtu wa kukabidhiwa polisi ili abebe lawama ya mauaji. Spade anampendekeza Wilmer. Gutman, ambaye punde si punde alikuwa ameapa kwamba anampenda kijana yule kama mwanawe, anasitasita, anafikiri, kisha anakubali. Kozi ni mmoja tu duniani, lakini mwana anaweza kupatikana mwingine. Hatimaye Spade naye anakabiliwa na mtihani wake: Brigid, anayempenda, ndiye aliyemuua mshirika wake. Anamkabidhi kwa polisi. Hamtoi kafara ili apate kitu; anampoteza na kubaki mikono mitupu.

Swali la filamu hii, basi, si nani aliyeua. Swali ni hili: mtu anaposhurutishwa kumtaja mwenzake, anamtaja nani, kwa sababu gani, na anapata nini? Miaka 6 baadaye, swali hilo lilitoka kwenye pazia likawarudia walioitengeneza.

Mwaka 1947 kamati ya Bunge la Marekani iliwaita watu wa filamu kuhojiwa kuhusu ukomunisti. Huston alikuwa miongoni mwa waasisi wa kamati ya wasanii iliyotetea uhuru wa kusema, na Oktoba mwaka huo yeye na Bogart walikuwa katika msafara uliokwenda Washington kupinga mahojiano hayo. Shinikizo lilipozidi, Bogart alirudi nyuma. Mwaka 1948 alichapisha makala kwenye jarida moja la filamu akikana kwamba yeye ni mkomunisti na kujitenga na safari ile. Kachero aliyekataa kufanywa mjinga na yeyote alikuwa, nje ya pazia, mwanadamu mwenye kazi ya kuilinda.

Hammett alikabiliwa na mtihani mkali zaidi. Alikuwa mmoja wa wadhamini wa mfuko wa dhamana wa shirika la kutetea haki za kiraia, na baadhi ya wakomunisti waliodhaminiwa kwa fedha za mfuko huo walitoroka. Mwaka 1951 mahakama ilimtaka ayataje majina ya waliochangia. Alikataa. Alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama na kukaa gerezani karibu miezi 5. Mtu huyu alikuwa amelitumikia jeshi la nchi yake katika vita vyote viwili vikuu vya dunia. Alipoaga dunia mwaka 1961 hakuwa na mali, wala hakuwa amechapisha riwaya nyingine tangu mwaka 1934. Kozi mwana mandanda.

Mwaka uo huo wa 1951, Huston na Bogart walikuwa huku kwetu Afrika, nchini Uganda na Kongo, wakipiga picha za The African Queen, filamu ambayo hadithi yake imewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Filamu hiyo ndiyo iliyompa Bogart tuzo yake ya pekee ya Oscar. Haifai kuwahukumu kwa sadfa hiyo ya tarehe. Hata hivyo, ni vigumu kutoiona kinaya: aliyemwigiza Spade alikuwa akielekea kwenye tuzo, huku aliyemuumba Spade akielekea gerezani kwa kutenda ambalo Spade angelitenda.

Wafaransa, waliofikiwa na filamu hizi kwa wingi baada ya vita, ndio waliozibatiza jina la noir, yaani nyeusi, mwaka 1946. Weusi wenyewe hauko katika vivuli vya Edeson pekee. Umo katika kinyago kile ambacho, kikikwanguliwa kwa kisu, kinabainika kuwa cha risasi tupu. Maneno ya kuhitimisha ambayo Spade anatamka kukihusu hayamo katika riwaya. Yametoholewa kutoka tamthilia ya Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Tufani katika tafsiri ya S. S. Mushi, na husimuliwa kwamba Bogart ndiye aliyeyapendekeza. Mwaka 2013 mojawapo ya vinyago vya risasi vilivyotumiwa katika filamu hiyo kiliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4. Gutman angecheka.

Mwanafunzi wa fasihi anayeitazama filamu hii leo hana budi kusoma orodha yote ya majina, tangu mwongozaji hadi mhariri, na asiishie hapo. Aulize pia kila mmoja wao alilipa nini. Kinyago kimepata bei yake sokoni. Kimya cha Hammett hakijapigiwa mnada, na majina aliyoulizwa aliondoka nayo.