Nusu ya Mkasi, Nusu ya Shazia

Idi iliyopita mjukuu wangu alinijia na kofia mpya kichwani, nami, badala ya kumpa mkono wa Idi kama ilivyo ada, nilimvua, nikaipindua ndani nje, nikaipeleka penye mwanga wa dirisha, kisha nikamrudishia bila ya kusema neno. Viua vyake vyote vilikuwa sawasawa mno, na kwa sababu hiyo nilijua kuwa hakuna mkono wa binadamu uliopita pale. Kijana alinuna, na haki yake kununa. Basi kwa kuwa macho yangu yamekwisha nguvu na sindano nimekwisha iweka, naona ni wajibu wangu kumweleza kwa kalamu yale ambayo siku ile sikuweza kumweleza kwa ulimi.

Habari za utoto wangu ni chache. Nilizaliwa Unguja, mtaa wa Mkunazini. Nilisoma chuoni, nikakalishwa barazani kwa marehemu baba aliyekuwa mshona kanzu, nikajua badani, taharizi na kikwapa kabla sijajua hesabu ya kugawanya. Na mwaka 1974 nikavuka bahari kwenda Maskati kutafuta riziki.

Ilikuwa ni miaka minne tangu Sultan Qaboos bin Said kushika ufalme, mwezi wa Julai 1970, na kuwaita Waomani waliotawanyika ng'ambo warejee kwao, na wengi katika hao walikuwa wametoka kwetu. Kwa hiyo katika soko la Mutrah, ambalo wakongwe waliliita Soko la Giza kwa kuwa vichochoro vyake ni vyembamba na vimeezekwa hata jua la adhuhuri halipenyi, baina ya moshi wa ubani wa Dhofar na kelele za wachukuzi, nilisikia Kiswahili safi cha akina bibi wakishindania bei ya leso. Riali moja ni baisa 1,000, na hiyo baisa yao na pesa yetu ni neno moja lililotoka Bara Hindi, likashukia bandari mbili.

Mavazi ya watu wale yalikuwa kitabu kwa mwenye kujua kusoma. Dishdasha ya Mwomani haina ukosi, na shingoni huning'inia kishada kifupi, furakha, ambacho hutiwa manukato. Kishada cha watu wa Imarati ni kirefu, na kanzu ya Msaudi ina ukosi, hata mtu akichomoza mwisho wa kichochoro fundi humjua atokako kabla hajatoa salamu. Siku za kawaida kofia, ambayo wao huiita kumma, yatosha. Penye shughuli rasmi hufungwa kilemba cha sufi juu yake, na jambia la fedha likakaa kiunoni. Wala mnunuzi wa zama zile hakuanza kwa kuuliza bei: alisalimu, akaulizwa hali ya jamaa zake, akanywa kahawa, akakifikicha kitambaa baina ya vidole, akaenda zake kama asiyekitaka, na baada ya swala ya alasiri akarejea kukinunua.

Bwana niliyemfanyia kazi, ambaye sikumwita ila Maalim, alizaliwa Unguja kama mimi, ila nasaba yake ilikuwa ya bara ya Omani. Kofia nyingi alizouza zilishonwa majumbani na wanawake, zikaletwa dukani zimefungwa ndani ya leso, kila moja ikiwa ni kazi ya mwezi na zaidi. Naye alizipokea kwa adabu, akazikagua bila ya huruma. Sharti yake ilikuwa moja: kiua kitobolewe kwa shazia nyembamba inayozitenga nyuzi za kitambaa pasipo kuzikata, kisha kizungushiwe uzi. Atakayetoboa kwa ncha ya mkasi, alisema, kofia yake itafumuka siku ya kwanza ya kufuliwa.

Mimi nilimpinga. Nilikuwa kijana, na mkasi ulikuwa mwepesi. Nikasema kuwa uzi ukizungushwa vyema hauulizi tundu limepatikanaje. Alinifumulisha kofia nzima mbele ya wateja, na fedheha ile ilinifanya nishone nyingine kwa siri, nusu yake kwa mkasi na nusu kwa shazia, niitumie kama shahidi.

Hapo ndipo ninapotaka vijana wanisikilize. Ilitokea kwamba jirani yetu mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, alianza kuleta kofia za mashine kwa marobota na kuziuza kuwa ni za mkono, na wateja wetu wakamwendea. Simlaumu kwa mashine. Mashine ni riziki ya watu, na si kila mtu ana uwezo wa kulipia mwezi wa jasho la mwenziwe. Namlaumu kwa neno lile "mkono". Uza cha mashine kwa jina la mashine, nawe utalala. Ukikiuza kwa jina la bibi aliyepofuka juu ya sindano, umemwibia mara mbili.

Maalim amekwisha tangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Kofia yangu ya siri ninayo hata leo, imefuliwa na kutiwa wanga mara zisizohesabika, na hakuna kiua hata kimoja kilichofumuka, si upande huu wala ule; katika hili yeye alikosea. Lakini upande wa shazia husimama wima kama siku niliyoumaliza, na upande wa mkasi umelegea, unaniangukia sikioni kila niivaapo. Kwa hiyo huivaa nyumbani tu, na ule upande uliolegea huuelekeza ukutani.