Kofia Nyekundu

Niliiona ndani ya kabati la kioo, katika makumbusho ya reli mjini Nürnberg, mji ambao garimoshi la kwanza la Ujerumani liliondoka kwenda Fürth mwaka 1835. Kofia ilikuwa nyekundu kama ua la mkomamanga. Mvaaji wake alikuwa msimamizi wa stesheni, na wekundu ule ulimwonyesha kwa mbali kuwa ndiye mwenye idhini ya kuondosha garimoshi. Nilivutiwa. Hapo cheo hakikuwa pambo. Kilikuwa utumishi uliotiwa rangi.

Kabla ya mwaka 1920 dola za Ujerumani zilikuwa na reli zake mbalimbali, na sare zake mbalimbali. Mwaka huo reli zikaunganishwa. Gurudumu lenye mabawa likabaki nembo ya kazi. Lakini utawala wa Hitler uliongeza tai wake juu ya sare. Tangu mwaka 1941 magarimoshi yalichukua Wayahudi wa Ujerumani kwenda mautini, na watu wa sare waliyapa idhini kama walivyoyapa mengine.

Msomaji, nisiwahukumu wao nikajisahau. Mimi nami nilipata kutia sahihi hati ya kumfukuza mwanafunzi, kwa kuwa karatasi ilitaka sahihi ya cheo changu. Sikuuliza kosa lake. Sikuvaa kofia nyekundu siku ile, lakini mkono uliomwondosha ulikuwa wangu, wala haukuwa wa cheo.