Kiangazi kimeingia, tukae pamoja jioni

Juni imefika na mvua imekatika. Hapa Goma, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, kiangazi kinatuletea vumbi mchana na baridi usiku. Mawingu yakiondoka, joto la mchana halina kinacholizuia. Kule Masisi, ambako milima inapita mita 2,000, watu wanaamka wamejifunika vitenge mpaka masikioni.

Kwa mkulima wa Kivu, haya ndiyo majira ya kupumzika. Maharage ya msimu B yamevunwa, na jembe linasubiri mvua ya Septemba. Nikiwa mtoto, ndiyo miezi niliyomwona baba amekaa. Jioni tulizunguka moto, mama akichagua maharage: ya kula huku, ya mbegu huku. Baba alisema maneno machache. Alitaja waliotutoka mwaka ule, madeni yaliyobaki, na mipaka ya shamba: kijito kinapita wapi, jirani wa juu ni nani, mti upi ulipandwa na babu.

Kwa familia zilizohama, baridi imekuja bila mavuno. Mama mmoja kutoka Rutshuru, anayelala na watoto wake katika chumba cha kuazima, aliniambia kwamba anaogopa jioni. Mchana anatafuta kibarua na kuteka maji, akili ina kazi. Giza likiingia, yote yanarudi.

Namwelewa. Tumbo tupu halitulii, na sitaki kumwambia mtu kwamba ukimya ni dawa. Lakini kunyamaza peke yako na mawazo si sawa na kukaa kimya pamoja na wako. Siku moja binti yake aliuliza: "Mama, shamba letu liko upande gani?" Mama akachukua kipande cha kaa, akachora sakafuni: barabara, kijito, nyumba ya shangazi. Wote wakainama kutazama. Alisema usiku ule hawakuzungumza mengi, ila alilala.

Mchoro ule si mchezo. Mashamba mengi ya vijijini kwetu hayana karatasi. Ushahidi ni kichwa cha mzee na mdomo wa jirani. Wazee wanafia ugenini, watoto wanakua bila kujua jiwe la mpaka liko wapi, na siku ya kurudi ugomvi unafika kwa chifu. Anayekumbuka vizuri ana la kusema.

Kwa hiyo naomba kila familia itenge jioni moja kwa juma. Tajeni majina ya waliokufa. Waelezeni watoto shamba, kuanzia barabarani mpaka mwisho wake. Muulizeni kila mtoto ni nini kinamwelemea, na msimkatize. Ninyi mnaopokea wageni nyumbani, wapeni nafasi karibu na moto. Na mtu akikosa usingizi usiku mwingi mfululizo, asibaki nalo peke yake. Amweleze muuguzi wa kituo cha afya.

Jambo la mwisho: msilale na jiko la makala ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haionekani, na inaua.

Kiangazi chema kwenu nyote. Wafunikeni watoto vizuri.