Staa Kavutwa kwa Kamba Mmecheka, Ila Giaboksi Ndiyo Iliyolia

Wadau wa Kanda ya Ziwa, ile video mliiona. Staa mmoja, jina kapuni, Crown yake iligoma akija kupiga shoo huku kwetu Mwadui. Ikafungwa kamba nyuma ya Canter, ikaburuzwa mpaka Maganzo. Komenti zikajaa vicheko: kafulia, gari la kuazima, anatafuta kiki. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile kamba.

Gari la otomatiki halivutwi hivyo jamani. Pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, matairi yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani lakini oili haitembei, vinasagana vikavu. Tafuta gari la kubeba, au yale matairi yanayopokea nguvu ya injini yanyanyuliwe juu. Na kulisukuma ili liwake kama gari la kukanyaga klachi, sahau.

Tuelewane kwanza linafanyaje kazi. Kati ya injini na giaboksi kuna kitu kinaitwa tokikonveta. Fikiria feni mbili zinatazamana ndani ya chombo kilichojaa oili. Moja inazungushwa na injini, inairusha oili, oili inaizungusha ya pili. Ndiyo maana unasimama kwenye foleni ukiwa na D na injini haizimi. Mbele yake kuna gia pamoja na pleti za klachi, na zinazobanwa kwa presha ya oili ndiyo zinaamua uko gia namba ngapi. Yani oili ndiyo mguu wako wa klachi, ndiyo inalainisha, na ndiyo inapoza. Ikiungua, pleti zinaanza kuteleza na kuliwa.

Haya nimeyajua kupitia kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alikuwa anaendesha mchomoko, IST ya bosi mmoja, Maganzo kwenda Shinyanga mjini. IST ni ya watu watano, dereva akiwemo. Hii ilikuwa inapakia saba, na gunia la mchele kwenye buti. Jua letu hili, mzigo, kila saa simama ondoka, oili inachemka na kuzeeka kabla ya wakati.

Dalili zilianza mapema. Asubuhi akiweka D, gari linatulia sekunde mbili tatu kama linafikiria, halafu linashtuka ndiyo linaondoka. Baadaye akikanyaga mafuta mshale wa RPM unapanda, injini inalia, spidi iko pale pale. Kisha taa ya O/D OFF ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Oili mpya huwa nyekundu. Ile ilikuwa kahawia, inanuka kuungua. Akasema pleti zinaliwa, gari lisimame leo.

Kaka akampigia bosi. Jibu: "Lete hesabu kwanza." Akamtumia na meseji, mara mbili. Jibu lile lile. Wiki ya tatu gari likagoma barabarani na abiria ndani. Ukiweka D halisogei, R halisogei, injini inanguruma tu.

Hapo bosi akageuka: dereva ndiye kaliua, dereva alipe. Mtu ana mke na watoto wawili, anakula kwa kinachobaki baada ya hesabu, unamwambia anunue giaboksi! Kikao kikakaa kwa mjumbe. Kilichomwokoa ni zile meseji mbili na tarehe zake. Deni likafutwa. Kazi haikurudi.

Ndiyo nawaandikia. Kuanzia hapa Mwadui, Kahama mpaka Geita, vijana kibao tunaendesha magari yasiyo yetu. Gari likichelewa kushika gia, likiteleza, likishtuka kila linapobadilisha, au ukikuta oili nyekundu chini asubuhi, usiongeze sauti ya redio. Mwambie mwenye gari, na umwambie kwa maandishi. Simu anaweza kuikana, meseji inabaki.

Unayetaka kununua la mkononi: ukifika ukakuta gari limeshawashwa na boneti ina moto, omba urudi kesho ulikute limepoa. Kuchelewa kushika gia mara nyingi kunaonekana asubuhi, likipata joto kunajificha. Halafu liendeshe nusu saa nzima, kwa sababu kuna giaboksi ambayo inateleza ikichemka tu. Na uliza kama ni CVT. Hiyo haina gia za kupanda moja moja, ina mkanda wa chuma na puli, na ina oili yake. Fundi akiweka ya otomatiki ya kawaida, ameianzishia safari ya kufa.

Kaka yangu sasa hivi yuko kwenye bodaboda ya mtu, na kila tatizo la pikipiki analituma kwa meseji siku hiyo hiyo. Wewe bosi wako ameshawahi kukulipisha kitu ulichomwambia mapema? Tupia hapo chini, majina yabaki kapuni.