Dawa ya Kupunguza Damu

Kwetu ni Salama, kaunti ya Makueni. Aghalabu msafiri aendaye Mombasa hulijua jina hili kwa malori yanayoegeshwa kando ya barabara kuu usiku, na kwa habari za ajali. Jina letu na barabara hiyo havijawahi kupatana. Hata hivyo, kisa hiki hakihusu malori. Kinahusu moyo wa dada yangu, tafsiri moja mbovu niliyoifanya mimi mwenyewe, na daktari mmoja wa India ambaye sikupata kumwona.

Dada yangu alikuwa na umri wa miaka tisa alipoanza kuumwa na koo. Likapoa, likarudi, likapoa tena. Mwaitu, na ndivyo sisi Wakamba tumwitavyo mama, alimsukutuisha maji ya chumvi, nasi tukaridhika. Baada ya majuma machache magoti yakamvimba, kisha vifundo vya miguu. Tulidhani ni maumivu ya kukua. Kumbe ilikuwa homa ya baridi yabisi. Askari wa mwili walioamshwa na vijidudu vya kooni huwageukia wenyeji wao, wakashambulia viungo na vali za moyo. Viungo hupona. Vali huweza kubaki na makovu. Penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ingeuzima moto huo ungali kooni.

Alipofika miaka kumi na saba hakuweza kubeba mtungi nusu kutoka mtoni bila kuketi mara tatu njiani. Vali ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ilikuwa haifunguki vyema wala haifungiki. Tulifanya harambee uwanjani mwa kanisa. Mbuzi wakanadiwa, na maembe ya msimu mzima yakauzwa yangali mtini. Mwaka 2016 Mwaitu, ambaye hajawahi kuvuka Athi River, alipanda ndege pamoja na bintiye hadi kusini mwa India.

Walirudi na vitu vitatu: kovu refu kifuani, mfuko wa dawa, na kadi ndogo iliyoandikwa aina ya vali na ukubwa wake. Jina la vali lilikuwa Chitra. Usiku nilitega sikio mgongoni mwa dada nikaisikia ikigonga kwa upole, kama ukucha juu ya meza.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, bingwa wa insha, na kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia nyumbani ililetwa kwangu. Maelezo ya dawa ya wafarini yalisema kwa Kiingereza kwamba inaifanya damu kuwa nyepesi. Sikujisumbua. Nikamwambia Mwaitu, kwa sauti ya mtu ajuaye, "Hii ni dawa ya kupunguza damu."

Mwaitu alimtazama binti yake aliyekonda. "Damu yenyewe iko wapi ya kupunguzwa?" Hakusema zaidi, nami sikumwuliza. Akaanza kumpa tembe moja kila baada ya siku tatu, kisha akaacha kabisa, akaongeza sukuma wiki na mchicha ili damu irudi. Laiti angalijua kwamba mboga za majani zina vitamini K, ambayo huipinga wafarini! Vali ya kiwandani ni kitu kigeni mwilini, damu huigandia. Dawa ile haipunguzi hata tone la damu. Huizuia isigande tu.

Asubuhi moja kikombe kilimponyoka dada. Akajaribu kucheka, mdomo ukaenda upande. Donge la damu lilikuwa limetoka kwenye vali likapanda ubongoni. Hospitalini Nairobi daktari alipouliza ni nani aliyeamua aache dawa, Mwaitu alininyoshea kidole bila hasira yoyote: "Huyu ndiye aliyenisomea." Hadi leo sijapata jibu la sentensi hiyo. Dada alipona, akarudi kutembea na kusema, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikurudi sawasawa, naye alikuwa fundi wa cherehani.

Nadhani ni aibu iliyonifanya nianze kusoma habari za kile kilichokuwa kifuani mwake. Nikakutana na jina la M. S. Valiathan, aliyezaliwa mwaka 1934 Mavelikkara, jimbo la Kerala. Alikuwa daktari mpasuaji aliyejifunza kazi yake kwao, kisha Uingereza na Marekani. Huko Marekani alifanya kazi na Charles Hufnagel, yule aliyemtilia mgonjwa vali ya kwanza ya bandia mwaka 1952. Katika miaka ya 1970 Valiathan alirudi akaongoza taasisi ya Sree Chitra Tirunal jijini Thiruvananthapuram. Wagonjwa wake walikuwa kama dada yangu: vijana maskini wenye vali zilizoharibiwa na baridi yabisi, ilhali vali za kununua ng'ambo ziliwashinda bei. Akaamua kwamba hospitali na karakana ziwe chini ya paa moja la utawala. Wahandisi walipewa jumba la Satelmond, zawadi ya ukoo wa kifalme wa Travancore, na humo wakaunda pia mifuko ya plastiki ya kuhifadhia damu.

Vali ndiyo iliyowatoa jasho. Moyo hupiga zaidi ya mara 35,000,000 kwa mwaka, na mlango huo hauna siku ya mapumziko. Miundo mitatu ya kwanza ilishindwa. Walijaribu hata kisahani cha yakuti samawi, johari ile ya wafalme! Muundo wa nne ulikuwa na kisahani cha plastiki ngumu ya polithilini kinachoinama ndani ya fremu ya aloi, kimezungukwa na pete ya kitambaa ambamo mpasuaji hupitisha nyuzi. Baada ya kujaribiwa kwa kondoo, ilitiwa ndani ya binadamu kwa mara ya kwanza tarehe 6 Desemba 1990. Tangu hapo zimetiwa zaidi ya 100,000. Plastiki ikafaulu pale johari iliposhindwa. Jambo hilo hunifurahisha kuliko inavyostahili.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba njia yake ilipita kwetu. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, aliyekuwa Kampala, alieleza katika jarida la tiba la Afrika Mashariki ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo hufanya makovu na kuwa mgumu. Ugonjwa huo huo uliwaua maskini wa Kerala, nao pia ni walaji wa muhogo. Valiathan aliuandama kwa miaka mingi, akishuku seriamu, madini yaliyo katika mchanga wa pwani ya kwao, ikisaidiana na upungufu wa magnesi mwilini. Swali hilo halijafungwa.

Uzeeni alitundika kisu, akaketi na matini za kale za tiba ya Kihindi, akazifasiri upya kwa wasomaji wa leo. Kitabu chake juu ya Charaka kilitoka mwaka 2003. Mtu aliyejaribu vali mara nne naamini hakuwa na haraka na neno. Alifariki Julai 2024, akiwa na umri wa miaka 90.

Nilimsomea dada habari za kifo hicho. Alikuwa akishona kwa mkono wa kushoto, polepole, kama alivyojizoeza. Aliuliza kama mzee yule alikuwa na watoto, kisha akaniomba nimtolee kadi yake mkobani. Imechakaa pembeni. Nyuma yake, kwa kalamu nyekundu na mwandiko wangu, pana maneno manne: dawa ya kuzuia kuganda.