Siku Moja ya Matembezi katika Vijiji vya Nizi

Nizi ni senta ya biashara iliyomo katika teritware ya Djugu, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo, kaskazini mwa Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri lililoundwa mwaka 2015 wakati Jimbo la Mashariki la zamani lilipogawanywa. Sehemu hii ni ya nyanda za juu zenye ubaridi wa asubuhi, vilima vya nyasi vilivyopandwa mistari ya mikaratusi, mabonde ya mihogo, maharage na mahindi, na malisho ambayo zamani yalijaa ng'ombe. Mtu anayetaka kupitisha siku moja mashambani, bila haraka na bila shughuli, angeridhika hapa kuliko mahali pengi pa mashariki ya Kongo. Lakini mtembezi wa namna hiyo ni adimu mno katika Djugu, na uadimu huo ndio ulioifanya safari inayosimuliwa hapa istahili kuandikwa.

Sababu ya kwanza ya uadimu huo ni dhahabu. Tangu mwaka 1903, dhahabu ilipoonekana katika eneo la Kilo, mgeni anayekuja upande huu amekuwa na jambo analolitafuta chini ya ardhi. Mwaka 1926 iliundwa Kampuni ya Migodi ya Dhahabu ya Kilo-Moto, mwaka 1966 ikageuzwa kuwa shirika la dola lililojulikana kwa jina la OKIMO, na mwaka 2010 likawa SOKIMO. Majina yamebadilika, ila picha ya mgeni machoni pa mwanakijiji imebaki ileile. Siku hizi wachimbaji wadogo ndio wanaoonekana zaidi mabondeni, wakiosha mchanga wa vijito kwa karai na majembe, na mgeni aliyevaa viatu safi huhesabiwa kuwa ni mnunuzi kabla hajafungua kinywa.

Sababu ya pili ni vita. Mapigano ya mwaka 1999 hadi 2003 yaliwapambanisha Walendu na Wahema, jamii ambazo katika sehemu hii ya kaskazini husema lugha moja, kwa kuwa Wahema wa kaskazini, wanaoitwa pia Wagegere, walikwisha kuichukua lugha ya Kilendu kuwa yao. Moto huo ulizimwa nusu, ukawaka tena Desemba 2017, na tangu Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya hali ya dharura, ambayo wenyeji huiita kwa Kifaransa état de siège, yaani utawala wa jimbo kukabidhiwa kwa maofisa wa jeshi na polisi. Watu zaidi ya milioni moja wamehama makwao katika jimbo hili, na hata kambi walizokimbilia hazikusalimika: usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 kambi ya Plaine Savo, katika teritware hiihii, ilishambuliwa na watu wapatao sitini wakauawa. Baada ya mambo hayo, mgeni asiyenunua dhahabu na asiyeandika majina ya wanaostahili msaada hana fungu la tatu la kuwekwa.

Msafiri anayehusika alikuwa mwalimu kutoka Kisangani, asiyejua Kilendu, ambaye kazi yake ilimleta Bunia na ambaye alijipatia siku moja ya mapumziko katika kipindi ambacho njia ilisemekana kuwa shwari. Alikodi pikipiki asubuhi, akapita Nizi, akanywa chai ya tangawizi kwa maandazi karibu na soko, kisha akaelekea upande wa Lopa. Penye mashimo makubwa vijana walikuwa wamejaza udongo na kokoto, wakatandaza kamba barabarani, na kila chombo kilichopita kilitoa chochote; msafiri alitoa bila kinyongo, kwa kuwa kazi ilionekana kwa macho na magurudumu yalipita salama. Kuhusu uzuri wa mashamba yenyewe, inatosha kusema kwamba ukungu ulipopanda, vilima vilijitokeza kimoja nyuma ya kingine hadi upeo wa macho, na kwamba msafiri aliomba pikipiki isimamishwe mara nyingi kuliko dereva alivyopenda.

Safari ilipata sura yake halisi katika kijiji kimoja kilicho nje kidogo ya njia, ambacho hakitatajwa jina kwa sababu wenyeji wake ndio kwanza wanarudi. Msafiri alivutiwa na nyumba iliyokuwa ikijengwa, akashuka, akaamkia. Mzee mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama ndani ya shimo la udongo, alijibu salamu kwa adabu na papo hapo akaeleza kwamba dhahabu hapo hakuna. Alipoambiwa kwamba mgeni hanunui dhahabu, aliuliza ni wa shirika gani, maana walioandikwa mara ya mwisho walikuwa hawajapata kitu. Alipojibiwa kwamba mgeni si wa shirika lolote, bali anatembea tu kuangalia vijiji, mzee aliinua uso, akamtazama dereva wa pikipiki badala ya mgeni, na kusema: "Mtu hatembei bure."

Kisha mama wa nyumba alileta kiti cha plastiki, na mahali alipokiweka ndipo palipomchukiza msafiri. Palikuwa na baraza yenye kivuli hatua chache tu kutoka hapo, na palikuwa na mwembe. Mama alivipita vyote viwili, akakiweka kiti katikati ya uwanja, juani, mbele ya macho ya nyumba zote za jirani, akamwashiria mgeni aketi. Kwa mtu aliyelelewa kujua kwamba mgeni hupewa kivuli kabla ya maji, hilo lilikuwa tusi. Msafiri aliketi kwa sababu kusimama kungekuwa tusi kubwa zaidi, na kwa muda mrefu alibaki hapo akitoka jasho, akitazamwa na watoto kwa ukimya, akiulizwa tena na tena kutoka uani, kwa sauti zilizobadilika lakini kwa swali lilelile, ni nani aliyemtuma. Ghadhabu ilimpanda. Alikwisha kuamua kwamba ukarimu umekufa katika vilima hivi, na uamuzi huo ungebaki katika daftari lake kama dereva, kijana wa Nizi aliyekuwa akitengeneza mnyororo wa pikipiki, asingemsogelea na kumweleza kwa sauti ya chini.

Maelezo ya kijana yalikuwa haya: mgeni asiyejulikana akiingizwa barazani, jirani hawaoni anachosema wala anachopewa, na siku baya likitokea, wataulizana nani alimpokea mtu yule na walinong'onezana nini. Akiketishwa uwanjani, kijiji kizima kinakuwa shahidi kwamba alikuja mchana, alisema haya na haya, akaondoka. Kiti cha juani kilikuwa kinga ya mwenyeji, na kwa kiasi fulani kilikuwa kinga ya mgeni pia. Msafiri alikubali hoja hiyo kwa akili kabla ya kuikubali kwa moyo, na ni haki kusema kwamba jua halikupungua ukali kwa ajili ya hoja hiyo.

Kilicholainisha mambo ni swali la mama, ambaye hakuuliza tena kuhusu kutumwa bali aliuliza mama yake mgeni anaishi wapi. Msafiri akataja Mangobo, mojawapo ya komini, yaani wilaya za mji, za Kisangani. Mzee akatoka katika shimo la udongo. Katika ujana wake, alisema, alikuwa utingo wa lori lililopeleka maharage ya Djugu hadi Kisangani kwa njia ya Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, na Mangobo ndiko walikolala kabla ya kupakia bidhaa za kurudi nazo. Aliuliza habari za mitaa ambayo msafiri aliikuta imekwisha kubadilika, akaeleza jinsi lori lilivyozama katika matope ya msituni hata abiria wakapika na kufua nguo pembeni mwake, akamwita mgeni "mwalimu" kwa mara ya kwanza. Kiti kikahamishiwa chini ya mwembe, na aliyekihamisha ni jirani, si mwenye nyumba; yaelekea uwanja ulikuwa umekwisha kutoa idhini yake.

Hapo mzee alilirudia neno lake mwenyewe ili alisahihishe. Zamani, alisema, watu walitembea bure sana. Jumapili baada ya misa mtu alivaa viatu, akapita kwa wakwe, akapita uwanjani kuangalia mpira, akaketi penye mandro, ambayo ni pombe ya nafaka ya wenyeji, akarudi usiku akipitia vijiji vya jamii yoyote, na aliyemkuta njiani alimuuliza habari ya wakwe, hakumuuliza ametumwa na nani. Kwa maoni yake, kilichopotea kwanza vita vilipokuja kilikuwa hicho, kabla ya ng'ombe na kabla ya mabati: mtu alianza kuhitaji sababu ya kuwa njiani. Msafiri aliona kwamba katika yote yaliyoandikwa kuhusu Ituri, kwa hesabu za waliouawa na waliohama, hasara hiyo haimo, kwa kuwa haina tarakimu.

Baadaye nyumba yenyewe ilionyeshwa. Fito za mikaratusi zilikuwa zimesimamishwa na kufungwa kwa nyuzi za magome katika miraba ya upana wa kiganja, na udongo uliokandwa kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwa ulisukumwa ndani ya miraba hiyo kwa mikono ya watu wawili, mmoja nje na mwingine ndani, ili mabonge yakutane katikati na kushikana. Mabati, ambayo hapa huitwa manjanja, yalitosha chumba kimoja tu na yalikuwa yamekwisha kutumika. Matundu ya misumari ya zamani hayakulingana na boriti mpya, hivyo kila tundu lilikuwa limezibwa kwa tone la plastiki iliyoyeyushwa kutoka katika dumu. Mlango ulitoka katika nyumba ya kwanza, na ukingo wake wa chini ulikuwa mweusi, umeungua kina cha ukucha. Mama alikuwa ameusugua kwa mchanga mpaka masizi yasichafue tena nguo, lakini hakukubali ukatwe, kwa sababu ungekuwa mfupi kuliko fremu.

Kujenga upya baada ya moto si jambo la Djugu peke yake. Katika nchi ya Hungaria kuna kijiji kiitwacho Hollókő, cha watu waitwao Wapaloc, ambacho kiliungua mwaka 1909 na kujengwa upya na wenyewe kwa sura ya mababu zao. Mwaka 1987 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, sayansi na utamaduni, lilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, na leo wageni huja kwa matembezi ya siku moja, wakipita polepole kati ya kuta zilizopakwa chokaa. Tofauti kati ya kijiji kile na hiki cha Djugu haipo katika ustadi wa mikono, kwani ukuta wa fito na udongo uliokandikwa vizuri ni ufundi unaostahili kutazamwa popote duniani, wala haipo katika mandhari. Hollókő ilipomaliza kujengwa, hakuna aliyewafukuza wajenzi, na wajukuu wao walipata muda wa kuzeeka ndani ya kuta zilezile. Wanaosema kwamba Ituri ina vivutio vya utalii, nao husema kweli, hawana budi kuanza na muda huo, maana nyumba inayojengwa kwa hofu ya kuachwa tena hujengwa ndogo, na mwenye nyumba hiyo hawezi kulaumiwa kwa kumketisha mgeni juani.

Chakula kililiwa, ugali wa muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyopikwa, na mchana uliobaki ulipita kwa kutembea mabondeni na mzee hadi kwenye shamba lake la maharage. Hapo shambani ndipo ladha ya siku ilipochachuka tena. Msafiri aliuliza, kwa nia njema tu, vyumba vingine vitaezekwa lini, na mzee akaeleza hesabu yake. Mabati yatatoka katika maharage. Maharage yapelekwe Bunia. Na kati ya shamba na Bunia gunia hukutana na vizuizi. Kamba ya vijana wanaojaza mashimo hakuilalamikia. Alilalamikia vizuizi vingine, vya watu wenye silaha wa upande huu na wa upande ule, ambavyo havijazi shimo lolote na havitoi risiti, na ambavyo hutoza pikipiki tupu kiasi fulani na pikipiki yenye gunia kiasi kikubwa zaidi. Msafiri alikumbuka kwamba asubuhi yeye mwenyewe alitoa noti mahali pa namna hiyo, akaona ni usumbufu mdogo wa njia, akaendelea kutazama vilima.

Alisema kwa ukali kwamba vizuizi vyote viondolewe, kesho ikiwezekana. Mzee hakukubali vyote. Alikumbusha kwamba kuna usiku ambapo askari waliolala penye kizuizi ndio waliosikia risasi za kwanza na kuwapa watu nafasi ya kukimbia, na kwamba barabara iliyo tupu kabisa humtisha kuliko barabara yenye gharama. Alichokitaka ni kizuizi kinacholinda bila kula. Msafiri alishikilia kwamba kinacholinda leo kwa malipo ya noti kitatafuta sababu ya kuwapo kesho, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Waliporudi uani, mzee alichukua kijiti, akachora ardhini magunia anayotarajia kuvuna, akafuta yale yatakayoliwa nyumbani, akafuta ya mbegu, kisha akafuta yale ambayo thamani yake itaishia njiani kabla ya kufika sokoni. Yaliyosalia yalitosha mabati ya chumba kimoja zaidi, mvua za Agosti zikichelewa kidogo.