Kupokelewa si Kutekelezwa

Aliyewahi kuongoza chuo cha ualimu anaujua muhuri wa "Imepokelewa". Kiongozi mwepesi wa kuridhika huuona, akadhani shida imekwisha. Kumbe muhuri huthibitisha jambo moja tu: barua imefika mezani.

Nilifikiri hayo mjukuu wangu aliponieleza kazi yake ya kompyuta. Ofisini kwao, mtu akiacha kazi, msimamizi wake hufungua tiketi katika mfumo wa kusimamia huduma, akiomba akaunti ya mtu huyo ifungwe. Ikishaidhinishwa, mfumo wenyewe hupeleka ombi la wavuti kwenye seva nyingine, nayo huendesha skripti, yaani mfululizo wa amri ulioandikwa tayari. Ombi hubeba namba ya tiketi, jina la akaunti, na msimbo wa siri wa kuthibitisha kwamba mwombaji ni halali. Kazi aliyoifanya fundi kwa mkono sasa haina mkono wa mtu.

Nikamuuliza, "Mfumo unajuaje kwamba kazi imekwisha?" Akanijibu kwamba katika kanuni za HTTP seva hujibu kwa namba. Mojawapo, iliyomo katika kanuni zilizochapishwa mwaka 1996, ni 202. Maana yake: ombi limekubaliwa, lakini kazi haijakamilika, na huenda isikamilike kabisa. Skripti ndefu hufaa kujibiwa hivyo, ili mwombaji asikae mlangoni akingoja.

Hapo ndipo penye hatari. Mfumo ukiifunga tiketi kwa kupata 202 tu, na skripti ikakwama njiani, kitabuni patasomeka "imekamilika" ilhali aliyeondoka bado anaweza kuingia na kusoma siri za watu.

Dawa yake ni nyepesi. Skripti ikimaliza, au ikishindwa, ipeleke ombi lake la kurudisha habari kwenye tiketi ileile. Ndipo tiketi ifungwe, au aitwe mtu. Na jibu likichelewa hata ombi likarudiwa, namba ya tiketi iitambulishe seva kwamba kazi hiyo imekwisha kuanza, isije ikafanywa mara mbili.

Tuliwafundisha walimu wanafunzi kwamba somo halimaliziki kwa mwalimu kufunga kitabu, bali kwa kupima kama watoto wameelewa. Anayeikabidhi mashine kazi hajakabidhi wajibu wa kuuliza: je, imefanyika?